Mlima Wilson wauza kimo kwa televisheni za Los Angeles

Mfanyabiashara anayetaka kuwauzia wakazi wa Los Angeles sabuni au magari kwa njia ya televisheni huulizia studio, vipindi na saa ambazo watu wengi wamekaa sebuleni. Ni nadra kwake kuulizia mlima. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, sehemu kubwa ya matangazo ya televisheni na ya redio za FM yanayolifikia jiji hilo la pili kwa ukubwa nchini Marekani yamekuwa yakirushwa kutoka kilele kimoja tu, Mlima Wilson, ulioko kaskazini mashariki ya jiji, juu ya miji ya Pasadena na Altadena.

Kilele hicho kina kimo cha mita 1,740 kutoka usawa wa bahari. Hakuna mgodi pale wala shamba la kahawa. Kinachouzwa ni kimo, na wanunuzi ni vituo vya televisheni na redio ambavyo vimesimika minara yao bega kwa bega, kiasi kwamba mtu akiwa bondeni huiona kama miiba iliyoota mgongoni mwa mlima.

Thamani ya bidhaa hiyo inaeleweka kwa hesabu ndogo. Mawimbi ya televisheni na ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, karibu kama mwanga wa tochi. Mlingoti wenye urefu wa mita 100 uliosimikwa kwenye tambarare huuona upeo wa macho ulio umbali wa kilomita 36 hivi. Antena iliyo kwenye kimo cha mita 1,740 huuona upeo wa kilomita 149. Tena, kwa kuwa mawimbi hupinda kidogo kuufuata mviringo wa dunia, mafundi huhesabu kuwa yanaweza kufika kilomita 170. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, huo ni umbali wa kukaribia Morogoro kama ndege arukavyo. Umbali ukiongezeka mara nne, eneo linalofikiwa huongezeka zaidi ya mara 16, na mlima wenyewe haukumgharimu mtu hata nondo moja.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipitia haraka. Kimo kinacholipa ni kile kinacholizidi soko, siyo kile cha kutoka baharini. Nairobi imekaa kwenye mita 1,700 hivi, karibu sawa na kilele cha Mlima Wilson, lakini kimo hicho hakiwasaidii kitu warushaji wa matangazo kwa sababu wateja wao nao wako huko huko juu. Ndiyo maana mitambo ya Nairobi ilipelekwa Limuru, juu zaidi. Los Angeles imelala chini kando ya bahari, na mlima umesimama nyuma yake kama ukuta. Kituo kilichoko juu ya ukuta huo kinaliona soko zima kwa mtazamo mmoja: jiji lenyewe, Orange, na sehemu kubwa ya Ventura, Riverside na San Bernardino, eneo lenye watu wapatao milioni 18.

Ushuru wa kwanza

Biashara katika mlima huo ilianza kabla ya redio kubuniwa. Jina la mlima linatokana na Benjamin Wilson, mkulima wa zabibu aliyechonga njia ya kupandia mwaka 1864 akitafuta mbao za kutengenezea mapipa ya mvinyo. Biashara ya mbao haikushamiri, lakini njia ilibaki. Mwaka 1891 ilifunguliwa barabara ya kulipia. Aliyepanda kwa miguu alitozwa senti 25, na aliyepanda kwa farasi senti 50. Wateja walikuwa watalii waliotaka hewa safi na mandhari, na kilele kikapata hoteli.

Mteja mkubwa wa pili alikuwa sayansi. Mwaka 1904, George Ellery Hale alianzisha kituo cha kuchunguza nyota kwa fedha za Taasisi ya Carnegie. Darubini yake kubwa yenye kioo cha inchi 100, iliyoanza kazi mwaka 1917, ndiyo aliyoitumia Edwin Hubble katika miaka ya 1920 kuthibitisha kuwa kuna makundi mengine ya nyota nje ya hili letu, na kwamba makundi hayo yanazidi kutawanyika. Wanasayansi walichagua mahali hapo kwa ajili ya hewa tulivu na giza la usiku. Lakini jiji lilikua, na taa zake zikaanza kuchafua anga. Darubini kubwa zaidi, ya inchi 200, ilijengwa mbali kusini katika Mlima Palomar. Kwa hiyo ukuaji ule ule uliowapunguzia wanasayansi thamani ya mlima ndio uliowaongezea warushaji wa televisheni. Kila taa mpya iliyowaka bondeni ilikuwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa mteja.

Mtu aliyeiona biashara hiyo mapema alikuwa Klaus Landsberg, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyewahi kushiriki kurusha picha za Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Chini ya uongozi wake kituo cha KTLA, kilichokuwa mali ya kampuni ya filamu ya Paramount, kilipata leseni ya biashara na kuanza matangazo rasmi Januari 22, 1947. Wakati huo jiji zima lilikuwa na mamia machache tu ya seti za televisheni. Hapakuwa na soko la kuzungumzia.

Soko lilitengenezwa kwa matukio. Aprili 1949, mtoto wa miaka mitatu alitumbukia katika kisima cha zamani huko San Marino, chini ya mlima huo. KTLA ilirusha shughuli za uokoaji kwa zaidi ya saa 27 mfululizo. Mtoto huyo alikutwa amekwisha kufa. Watu wasiokuwa na seti walijazana kwa majirani na mbele ya maduka, na baada ya siku hizo wengi hawakuhitaji tena kushawishiwa juu ya faida ya chombo hicho. Miaka mitatu baadaye, Aprili 22, 1952, Landsberg alirusha moja kwa moja mlipuko wa majaribio ya bomu la atomiki kutoka jangwa la Nevada. Hakukuwa na nyaya za kuileta picha hiyo. Aliipitisha kwa mawimbi, kilele kimoja kikipokea na kukirushia kingine kuvuka jangwa, mpaka ikafika Los Angeles.

Kila antena upande mmoja

Swali la kibiashara ni kwa nini washindani wote wakubali kukaa mahali pamoja. Katika biashara nyingine, mwenye duka hujaribu kuwa mbali na mpinzani wake. Mlima Wilson unafanana zaidi na soko la nguo la mtaa mmoja, ambako wauzaji hukaa karibu kwa sababu wanunuzi wamezoea kwenda pale.

Mnunuzi katika habari hii ni antena ya juu ya paa. Antena ya kawaida hupokea vizuri upande inakoelekezwa, na hafifu pande nyingine. Mwenye nyumba huielekeza mara moja, akaifunga kwa boliti, akashuka kwenye ngazi, basi. Mara vituo vya kwanza vilipopanda Mlima Wilson, mapaa ya bonde zima yalitazama huko. Kituo ambacho kingekuwa kwingine kingepokelewa na picha yenye chenga, na mtazamaji angelaumu kituo badala ya antena.

Mfano upo. Televisheni ya majaribio ya kampuni ya Don Lee ilikuwa imetangulia wote, na mitambo yake ilikaa Mlima Lee, juu ya Hollywood, karibu kabisa na studio na wasanii. Mlima Lee una mita 521 tu. Shirika la CBS liliponunua kituo hicho mwanzoni mwa miaka ya 1950, halikuchelewa. Mwaka 1951 mitambo ilihamishiwa Mlima Wilson, walikokuwa wenzake. Ukaribu na studio haukuwa na thamani, kwa vile picha inaweza kupandishwa mlimani kwa mawimbi ya kiungo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Mlima huo pia ulitoa nafasi kwa wafanyabiashara wadogo. Kituo cha KMEX, chaneli 34, kilianza Septemba 1962 kikitangaza kwa Kihispania, wakati seti nyingi zilikuwa bado hazina uwezo wa kupokea chaneli za juu za UHF. Sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuuza seti zenye uwezo huo ilipitishwa mwaka huo huo na kuanza kutumika mwaka 1964. Waliokitazama mwanzoni walilazimika kununua kifaa cha ziada. Lugha hiyo leo ni sehemu kubwa ya soko la Los Angeles, na KMEX ilikuwa imekwisha kaa kibarazani kabla wengine hawajabisha hodi.

Wasomaji wa ukurasa huu huenda wakavutiwa zaidi na chaneli 22, KWHY. Kwa miaka mingi, hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1990, kituo hicho kilitumia saa za mchana kurusha habari za soko la hisa, bei zikipita chini ya kioo. Soko la New York hufunguliwa saa 12:30 asubuhi kwa saa za Los Angeles. Wawekezaji wa pwani ya magharibi walikunywa kahawa yao huku bei zikiwashukia kutoka mlimani.

Kimo hicho hata hivyo kina kasoro zake. Mlima unaotazama kusini huwapa kisogo walio kaskazini. Miji ya Palmdale na Lancaster iko nyuma ya safu ya milima, na hata upande wa jiji, vilima vya Hollywood na Santa Monica huacha mabonde kivulini. Huko vituo huweka mitambo midogo ya kurudia matangazo, au wakazi hulipia kebo. Tena mawimbi yakiachwa yaende mlalo kutoka juu kiasi hicho, yatapita juu ya vichwa vya wateja na kuishia Bahari ya Pasifiki. Mafundi huinamisha mwelekeo wa antena kidogo kuelekea chini, ili nguvu ishuke bondeni walipo walipaji.

Leseni za kale, hazina za leo

Kama kimo kingekuwa huru kwa yeyote, kituo kimoja chenye mitambo mikubwa kingefunika nusu ya jimbo. Ndiyo maana Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, hupunguza nguvu kadiri kimo kinavyoongezeka. Kwa redio za FM za daraja linalotumika kusini mwa California, kipimo ni kilowati 50 kwa antena iliyo mita 150 juu ya ardhi inayoizunguka. Anayepanda juu zaidi lazima ashushe nguvu.

Lakini kanuni hizo zilikuja miaka ya 1960, baada ya baadhi ya redio kuwa zimekwisha ruhusiwa kwa nguvu kubwa zaidi, nazo ziliachwa na haki yake ya zamani. Mfano unaojulikana ni KPFK, iliyoanza mwaka 1959 na kupewa wati 110,000 kutoka Mlima Wilson. Hakuna tajiri anayeweza leo kuiendea FCC na kuomba leseni mpya ya namna hiyo. Cha kuchekesha kidogo ni kwamba KPFK haiuzi matangazo ya biashara. Huendeshwa kwa michango ya wasikilizaji, na mara kwa mara imekuwa na shida ya fedha huku ikiwa imekalia mali ambayo redio yoyote ya biashara ingeitamani.

Kuhusu pango la ardhi, kilele na vilele jirani vimegawanyika kati ya wamiliki binafsi na Msitu wa Taifa wa Angeles, ambao ni mali ya Serikali ya Marekani. Kwa wamiliki binafsi, bei ni mapatano ya pande mbili na mikataba yao haitangazwi. Serikali ina utaratibu ulio wazi zaidi. Tangu katikati ya miaka ya 1990, Idara ya Misitu hutoza mitambo ya mawasiliano kwa jedwali lenye vigezo viwili: aina ya huduma, na idadi ya watu wanaohudumiwa. Televisheni hulipa zaidi ya redio ya teksi, na kilele kinachotazama jiji lenye mamilioni ya watu hulipiwa zaidi ya kile kinachotazama vijiji. Ukubwa wa kiwanja hauhesabiki sana. Mpangaji anaweza kuwa na kibanda cha matofali na mlingoti mmoja, akalipa kodi inayolingana na umati ulio chini yake. Ni utaratibu ambao halmashauri nyingi zenye vilima vizuri zingefaa kuuangalia kabla ya kukodisha kwa mita za mraba.

Gharama nyingine hazikwepeki. Kilele hupata theluji wakati wa baridi. Barabara ya kufika huko, inayochepuka kutoka barabara kuu ya Angeles Crest, hufungwa mara kwa mara kwa maporomoko ya mawe na udongo. Kila mpangaji anahitaji jenereta, akiba ya dizeli na fundi aliye tayari kulala huko njia ikiziba.

Faida inayofidia yote hayo ni kwamba mtambo ukishawashwa, mtazamaji wa milioni moja hagharimu zaidi ya yule wa kwanza. Anayepeleka picha kwa njia ya intaneti huongeza mzigo kwenye mitandao kila mteja anapoongezeka. Mlima hauna mzigo huo.

Mnada wa kushuka

Swali kubwa la thamani ya mlima lilijibiwa kwa njia isiyo ya kawaida mwaka 2016. Kampuni za simu zilikuwa na njaa ya masafa, na masafa mazuri kuliko yote kwa kupenya kuta za nyumba yalikuwa mikononi mwa televisheni. FCC iliitisha mnada wa pande mbili. Upande mmoja, vituo vya televisheni viliulizwa kwa bei gani vingekubali kuachia chaneli zao. Bei ilianza juu na kushuka hatua kwa hatua, na kituo kilichoona imeshuka mno kilijitoa na kubaki hewani. Upande wa pili, kampuni za simu zilipanda dau kununua masafa yaliyopatikana.

Mnada huo ulioanza Machi 29, 2016 ulifungwa rasmi Aprili 2017. Kampuni za simu na wanunuzi wengine walitoa dola za Kimarekani bilioni 19.8, ambapo T-Mobile peke yake ilitoa karibu bilioni 8. Vituo 175 vya televisheni kote nchini viligawana dola bilioni 10 na kidogo. Zaidi ya bilioni 7 ziliingia hazina ya Serikali. Vituo vingine zaidi ya 900 vilivyobaki hewani vililazimika kubadili chaneli ili kuachia nafasi.

Katika soko la Los Angeles, mfano uliozungumzwa ni KLCS, kituo cha elimu kinachomilikiwa na mamlaka ya shule za umma za jiji hilo. Kiliachia chaneli yake na kupata zaidi ya dola milioni 130. Hakikuzima. Kilihamia kwenye mtambo wa KCET, kituo kingine cha umma, na viwili hivyo vikawa vinatumia chaneli moja ya hewani. Teknolojia ya dijitali, iliyochukua nafasi ya analojia kwa vituo vikubwa nchini humo Juni 12, 2009, inaruhusu vipindi kadhaa kusafiri katika chaneli moja. Kabla ya mnada, KLCS ilikuwa imefanya majaribio mwaka 2014 na kituo kingine cha jirani kuhakikisha kuwa inawezekana.

Somo la kibiashara la mnada huo linahitaji kutazamwa kwa makini. Wapo waliodhani ni dalili kuwa zama za mlima zimekwisha, kwa kuwa chaneli imekuwa na bei kubwa ikiwa kimya kuliko ikiwa inasema. Lakini kilichouzwa ni masafa, siyo kilele. KLCS iliuza chaneli na bado matangazo yake yanatoka mlimani. Bei ilipofika mahali, vituo vingi vikubwa vya Los Angeles vilichagua kubaki hewani. Aliyepunguza gharama ni yule aliyekuwa na mlingoti na mtambo wa peke yake, kisha akagundua kuwa anaweza kupanga chumba badala ya kumiliki nyumba.

Ushindani wa intaneti ni wa kweli kuliko huo. Takwimu za Mei 2025 za kampuni ya Nielsen inayopima watazamaji zilionyesha kuwa, kwa mara ya kwanza, Wamarekani walitumia muda mwingi zaidi kutazama televisheni kwa njia ya intaneti kuliko muda waliotumia kwa televisheni za hewani na za kebo kwa pamoja. Watangazaji wa biashara husoma takwimu hizo kabla ya kutia saini. Vituo vya mlimani vitaendelea kulipa pango pale tu habari, michezo na matangazo ya dharura yatakapoendelea kuvuta watu.

Moto

Hatari ya karibu zaidi haitokani na mshindani. Agosti 26, 2009 ulianza moto ulioitwa Station Fire katika Msitu wa Angeles. Uliteketeza hekta zipatazo 65,000 na kuua askari wawili wa zimamoto. Mwishoni mwa mwezi ule moto ulikuwa unapanda kuelekea Mlima Wilson. Kwa kuwa njia ya kutorokea ni moja, askari waliokuwa kileleni waliondolewa kwa muda, kisha wakarudishwa kufyeka na kuchoma vichaka kabla moto haujawafikia, huku ndege zikimwaga dawa ya kuzuia moto. Vituo vya televisheni vilikuwa vinatangaza habari za moto uliokuwa unaifuata mitambo yao. Minara ilinusurika.

Septemba 2020 ulikuja Bobcat Fire, ulioteketeza zaidi ya hekta 46,000 na kufika mita 150 hivi kutoka kituo cha nyota. Askari waliuzuia tena. Januari 7, 2025, ukiwa na upepo mkali wa kutoka jangwani, ulizuka Eaton Fire chini ya mlima, upande wa Altadena. Safari hii mji ndio ulioumia: majengo zaidi ya 9,000 yaliteketea na watu zaidi ya 15 walipoteza maisha. Moto ulipanda pia na kukaribia kilele, lakini mitambo ya matangazo na darubini vilisalimika. Katika siku hizo umeme ulikatwa katika sehemu nyingi za wilaya, na mwenye redio ya betri ndani ya gari aliweza kusikiliza habari kutoka mlima uliokuwa umezungukwa na moshi.

Hatari ya kuweka mayai yote katika kapu moja ilikwisha onekana New York. Vituo vingi vya televisheni vya jiji hilo vilikuwa na antena zao juu ya mnara mmoja wa Kituo cha Biashara cha Dunia. Septemba 11, 2001, mnara ulianguka na mafundi sita wa vituo hivyo walikufa humo. Watazamaji waliotegemea antena walibaki na kioo cheupe, isipokuwa kwa WCBS, ambayo ilikuwa imehifadhi mtambo wa akiba katika jengo la Empire State. Wengine walihangaika kutafuta nafasi huko huko na katika mlingoti wa zamani wa Alpine, New Jersey, wakati ambapo kila mwenye nafasi alijua anaombwa na watu wasio na njia nyingine.

Los Angeles ina vilele vya akiba. Mlima Harvard umejaa minara pia, lakini uko jirani kabisa na Wilson, na moto mmoja unaweza kuvipitia vyote viwili kwa mchana mmoja. Vilima vya chini, karibu na jiji, viko salama zaidi na barabara zake ni nzuri, ila vinaona sehemu ndogo ya soko. Kituo kinachoweka mtambo wa akiba huko hulipa pango mara mbili kwa kitu ambacho huenda kisiwashwe kwa miaka kumi. Kuhamia huko moja kwa moja hakuna anayekufikiria, maana mapaa ya bonde bado yanatazama Wilson, na atakayetangulia kuhama atawaachia wenzake watazamaji wake.